Ngoma za elektroniki na tarakilishi: Kwa nini hazielewani?

KWAYA ya kanisa moja jijini Nairobi ilichanga pesa kwa zaidi ya mwaka mmoja ili kujinunulia ngoma za elektroniki. Majirani walikuwa wamechoshwa na mshindo wa ngoma za kawaida kila Jumamosi ya mazoezi, na tangu serikali ilipochapisha kanuni za kudhibiti kelele mwaka wa 2009, malalamishi ya aina hiyo hayapuuzwi.

Ngoma zilifika. Pamoja nazo ilinunuliwa programu ya tarakilishi yenye sampuli za ngoma, yaani sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa pigo kwa pigo katika studio za kifahari ng'ambo, ili kijana anayegonga mpira na plastiki hapa Nairobi asikike kana kwamba ameketi mbele ya ngoma za bei ghali. Studio ikakodiwa kwa siku moja. Nyimbo zilikuwa sita.

Kufikia saa saba mchana hakukuwa na hata wimbo mmoja uliorekodiwa. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa amealikwa kusikiliza tu, alishuhudia kioja. Mpiga ngoma alipogonga ukingo wa haihati, yale matoazi mawili yanayokutanishwa kwa kanyagio la mguu, palikuwa kimya. Alipogonga ukingo wa tomu kubwa, spika zilitoa mlio wa kutatarika, mithili ya meno yanayogongana kwa baridi. Toazi lake la pili, akiligonga pembeni, liligeuka na kuwa toazi jingine kabisa, lenye mlio mkali wa Kichina.

Lawama zikaanza. Mpiga ngoma aliamini kwamba kwaya imeuziwa mbuzi kwenye gunia. Fundi wa studio alidai ngoma zenyewe ni mbovu. Muuzaji, alipopigiwa simu, alisema bila kusita kwamba tarakilishi ya studio imezeeka.

Wote watatu walikosea. Hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Kiini cha utata huu ni jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi dukani. Kinachosafiri katika waya kutoka kwa ngoma hadi kwa tarakilishi si sauti, bali ni nambari. Kihisi kilicho chini ya ngozi hutambua pigo, nacho kisanduku cha sauti, ambacho wapiga ngoma hukiita ubongo, hutafsiri pigo hilo kuwa ujumbe mfupi: noti fulani imegongwa, kwa nguvu kiasi fulani. Programu iliyo ndani ya tarakilishi ndiyo huamua noti hiyo ni ngoma gani. Ikiwa pande mbili hazikubaliani kuhusu maana ya nambari, ujumbe utafika salama salimini na bado utazua vurugu.

Lugha ya ujumbe huo huitwa MIDI. Ilizaliwa kutokana na juhudi za Mjapani Ikutaro Kakehashi, mwasisi wa kampuni ya Roland, na Mmarekani Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits. Mnamo Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki jimboni California, vinanda vya kampuni hizo mbili zilizokuwa zikishindana viliunganishwa kwa waya, na kimoja kikaweza kukichezesha kingine. Mgala muue na haki yake mpe: lugha hiyo ilitolewa kwa watengenezaji wote bila malipo ya leseni, na ndiyo sababu ingali inatumika miaka 40 baadaye. Mwaka wa 2013 wawili hao walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi. Kakehashi alifariki mwaka wa 2017, naye Smith mwaka wa 2022.

Hata hivyo, MIDI ilibuniwa kwa kufikiria kinanda. Kinanda kina vibao vilivyopangwa kwa safu, na kila kibao kinaweza kupewa nambari yake bila ubishi. Ngoma hazina safu. Snea ni nambari ngapi? Mwaka wa 1983 hakukuwa na jibu, na kila kampuni ilijiamulia.

Jibu lilikuja mwaka wa 1991, ulipochapishwa mwafaka uitwao General MIDI. Ngoma zilitengewa chaneli ya 10, na noti kuanzia 35 hadi 81 zikagawiwa ala za kugongwa. Ngoma ya mguu ikapewa 36, snea 38, haihati iliyofungwa 42, iliyo wazi 46, na ile inayofungwa kwa mguu pekee 44. Toazi la krashi likawa 49 na la raidi 51. Nambari hizi zimedumu, na mpiga ngoma anayezikariri hujiepusha na nusu ya matatizo yake. (Orodha hiyo ina nafasi za bongo, konga na hata agogo ya Afrika Magharibi, lakini si za isukuti wala chapuo. Anayezitaka ngoma hizo sharti azitafutie nambari mwenyewe.)

Kasoro ya orodha ya 1991 ni kwamba matoazi mengi yana nambari moja tu kila moja. Enzi hizo hilo lilitosha. Lakini ngoma za elektroniki hazikusimama pale pale. Mwaka wa 1997 kampuni ya Roland ilizindua ngoma zilizoitwa V-Drums, zenye ngozi za wavu zinazorudisha kijiti kama ngozi halisi, na katika miaka iliyofuata ikawa jambo la kawaida pedi moja kutambua mahali pawili au patatu panapogongwa: katikati, ukingoni na, kwa raidi, kwenye kikombe cha juu. Kila mahali palihitaji nambari, nayo orodha haikuwa imeziandaa zote. Watengenezaji wakajichukulia.

Katika mpangilio mmoja unaotumika sana, ukingo wa haihati hutuma noti 22 ikiwa imefungwa na 26 ikiwa wazi. Ukingo wa tomu ya tatu hutuma 58. Ukingo wa krashi ya pili hutuma 52. Sasa tuzitazame nambari hizo kwa jicho la programu inayofuata General MIDI bila kuongeza wala kupunguza. Noti 22 na 26 ziko chini ya 35, mahali ambapo orodha haijaanza, kwa hivyo programu hunyamaza. Noti 52 ni toazi la Kichina. Nayo noti 58 ni vibraslapu, ala ndogo ya kutatarika iliyobuniwa kuchukua mahali pa taya la punda lililokuwa likitumiwa na wanamuziki wa Amerika ya Kusini. Yale meno yaliyosikika studioni yalikuwa meno kweli.

Ufumbuzi wake ni rahisi ukijulikana. Zipo programu za bure zinazoonyesha kwenye kiwambo kila nambari inayoingia, kwa mfano MIDI-OX kwa tarakilishi za Windows na MIDI Monitor kwa zile za Mac. Mpiga ngoma hugonga pedi moja baada ya nyingine, mwenzake huandika nambari kwenye karatasi, kisha ndani ya programu ya sampuli kila nambari huelekezwa kwa ngoma inayostahili. Programu za kulipia kama vile Superior Drummer, Addictive Drums na BFD huja na ramani zilizokwisha kuandaliwa kwa ngoma za kampuni mashuhuri, na mtumiaji huchagua jina tu. Ila ngoma za bei ya chini, ambazo ndizo wengi wetu humudu, mara nyingi hazimo katika orodha hiyo, na baadhi yazo haziruhusu nambari kubadilishwa ndani ya ubongo wake. Hapo ramani haina budi kuchorwa upande wa tarakilishi. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na fundi yule wa studio, alipoiona nambari 58 kwenye kiwambo, aliimaliza kwa dakika ishirini huku akitabasamu kwa haya.

Lakini haihati haikukubali kutulizwa kwa ramani peke yake. Kati ya kero zote za ngoma za elektroniki, hii ndiyo mama yao, na inafaa tuitazame kwa utuvu.

Haihati halisi si wazi au fungwa tu. Mguu ukilegea kidogo, matoazi hukwaruzana. Ukilegea zaidi, hunguruma. Ukiachilia kabisa, huvuma. Mpiga ngoma mzuri huishi katika nafasi hiyo ya katikati. Orodha ya 1991 ina hali tatu pekee za kueleza hayo yote. Ngoma nyingi za bei nafuu huwa na kanyagio linalofanya kazi kama swichi ya taa: limewaka au limezimika. Zile za bei ya kadiri na ya juu hutuma aina ya pili ya ujumbe, uitwao kidhibiti nambari 4, unaoeleza mguu uko wapi kwa kipimo cha 0 hadi 127, na ujumbe huo humiminika kila mguu unaposogea, hata kama hakuna kilichogongwa.

Kwa hivyo programu hupokea habari mbili tofauti kuhusu ala moja, na ni juu yake kuziunganisha. Ikiwa inasoma noti pekee na kuupuuza mguu, hali zote za katikati hupotea. Ikiwa inangojea habari za mguu ambazo kanyagio la swichi halizitumi, haihati hubaki katika hali moja wimbo mzima, kama mlango usio na komeo. Mara nyingine mambo huwa kinyume kabisa: programu hudhani 0 ni wazi ilhali ngoma zinamaanisha imefungwa, na mpiga ngoma akikanyaga, matoazi hufunguka. Kwa ajili hiyo programu nyingi huwa na mahali pa kugeuza mwelekeo, japo limefichwa ndani ya mipangilio ambako mgeni hafiki.

Kosa gumu zaidi kugundua ni la manahodha wawili, na chombo kwenda mrama. Ubongo wa ngoma, mguu unapofika mahali fulani, huacha kutuma 42 na kuanza kutuma 46. Wakati uo huo programu nayo inaufuatilia mguu kwa kidhibiti cha 4 na kufanya uamuzi wake. Pale ambapo mipaka yao haipatani, sauti huruka ghafla kutoka kwa mlio mmoja hadi kwa mwingine katikati ya mdundo, na msikilizaji hudhani aliyekosea ni mpigaji. Dawa yake, kwa ngoma zinazotuma habari kamili za mguu, ni kuzielekeza 42 na 46 zote mbili kwa haihati ile ile, kisha kuiachia programu pekee uamuzi wa ufunguke kiasi gani. Baada ya hapo mguu hukanyagwa hadi mwisho na kuachiliwa hadi mwisho ili programu ijue mipaka ya kanyagio hilo. Kwa kwaya yetu, shughuli hii ilikula saa nzima.

Kero ya tatu ni kuchelewa. Kijiti hugonga, kisha sauti huja baadaye kidogo, na "kidogo" hiyo inatosha kumvuruga mtu aliyezoea ngoma za ngozi. Wengi huulaumu waya. Waya wa kale wa MIDI, ule wa tundu la duara lenye pini tano, hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na ujumbe wa pigo moja huchukua takriban milisekunde moja tu. Mkosaji mkubwa yuko ndani ya tarakilishi.

Tarakilishi haitoi sauti chembe kwa chembe. Huzikusanya kwanza katika kihifadhi cha muda, kisha huzimwaga kwa pamoja. Sauti ikiwa ya chembe 44,100 kwa sekunde, kihifadhi cha chembe 1,024 huchelewesha kwa milisekunde 23. Kwa kuwa sauti husafiri karibu sentimita 34 kwa kila milisekunde, hiyo ni sawa na kuzisikiliza ngoma zako mwenyewe ukiwa umbali wa mita nane. Kihifadhi kikipunguzwa hadi chembe 256, muda huo hushuka chini ya milisekunde sita. Kwa chembe 128, chini ya tatu. Kuna nyongeza nyingine ndogo ndogo njiani, lakini hapa ndipo penye faida kubwa zaidi ya kupunguza. Kwa tarakilishi za Windows ni muhimu pia sauti ipitie mfumo wa ASIO uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, wala si njia ya kawaida ambayo haikukusudiwa wanamuziki.

Ubaya ni kwamba kihifadhi kidogo huilazimisha tarakilishi kukimbia. Mashine dhaifu hushindwa, na sauti huanza kukatika na kukwaruza. Hapo ndipo mtu huambiwa anunue tarakilishi mpya, ushauri ambao ni rahisi kwa anayeutoa.

Ipo njia nyingine isiyogharimu hata shilingi, na inashangaza kwamba haisemwi mara kwa mara. Mpiga ngoma asikilize sauti za ubongo wa ngoma zake kupitia vipokea sauti vya masikioni, ambazo hazichelewi kwa kiwango cha kumkera, huku tarakilishi ikirekodi nambari peke yake. Akimaliza wimbo, nambari hizo huchezwa upya na programu ya sampuli, nayo ichukue muda wowote inaotaka. Hivyo ndivyo kwaya ilivyofanikiwa kurekodi nyimbo nne kabla ya giza kuingia. Njia hii haifai jukwaani wala ibadani, ambako sauti inatakiwa papo hapo, lakini kwa studio ya kawaida ni neema.

Anayetaka kusikiliza sauti za programu pekee wakati anapopiga, kwa upande mwingine, azime sauti za ubongo wa ngoma. Asipofanya hivyo kila pigo litasikika mara mbili, la pili likiufuata la kwanza kama mwangwi, na ataanza kuwinda tatizo lisilokuwepo.

Kuhusu nguvu ya pigo, kipimo cha MIDI ni kuanzia 1 hadi 127. Ubongo wa ngoma huwa na mkunjo wake wa kutafsiri nguvu, na programu nayo ina wake. Mtumiaji akiparekebisha pote pawili, mapigo laini ya snea hutoweka, au yote huwa makubwa kama ya fundi anayepigilia misumari. Heri marekebisho yafanywe upande mmoja tu. MIDI 2.0, iliyoidhinishwa mwaka wa 2020, ina ngazi 65,536 za nguvu badala ya 127, lakini sharti pande zote mbili ziielewe, na ngoma nyingi zilizo mikononi mwa watu haziijui.

Msomaji anayepania kununua programu hizi azingatie pia umri wa tarakilishi yake, upande wowote ule. Tarakilishi za Apple zilizowekewa mfumo wa Catalina wa mwaka wa 2019 au iliyofuata hukataa katakata programu za biti 32, na watu waliokuwa wamelipia programu za zamani waliamka siku moja wakakuta hazifunguki. Upande wa pili wa sarafu ni ukubwa: sampuli zote za Superior Drummer 3, iliyotolewa mwaka wa 2017, hufikia gigabaiti 230. Anayetegemea bando za simu afanye hesabu zake kabla ya kulipa, kwani huenda gharama ya kuipakua ikamshinda kuliko anavyodhani. Kwa anayejifunza, ipo Hydrogen, programu ya bure ambayo kupitia kwayo mtu anaweza kuelewa ramani za noti bila kuhatarisha akiba yake.

Swali la kumuuliza muuzaji wa ngoma kabla ya kutoa pesa si iwapo zina MIDI. Atajibu kwamba zinayo, na atakuwa anasema kweli. Aulizwe kama kanyagio la haihati hutuma habari za mguu hatua kwa hatua au ni swichi, kama nambari za noti zinaweza kubadilishwa, na kama tundu la USB hupitisha ujumbe wa MIDI au ni la kuingizia nyimbo tu. Akikosa majibu, kitabu cha maelezo huwa na jedwali la noti katika kurasa za mwisho.

Jambo moja lilimshinda hata fundi wetu. Mpiga ngoma huyo ana mazoea ya kulishika toazi kwa vidole ili kuukata mlio wake ghafla mwishoni mwa wimbo. Ngoma za kwaya hutuma ujumbe wa aina ya pekee kwa mshiko huo, na programu waliyonunua haiutambui. Matoazi yakawa yanavuma hadi yaishe yenyewe, na miisho ya nyimbo zote ikalazimika kukatwa kwa mkono kwenye tarakilishi.

Nyimbo mbili zilizosalia zilirekodiwa majuma mawili baadaye, kwa pesa zilizochangwa upya. Safari hii ngoma zilikuwa tayari dakika kumi baada ya kufunguliwa. Ramani ilikuwa imehifadhiwa katika faili, na kwa kuwa faili hupotea, mpiga ngoma alikuwa ameiandika pia kwa kalamu ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo: 22 na 26, haihati ukingoni, 52, krashi ya pili, 58, tomu ya tatu.